Gari la zamani uani: mwenye haki ya kusema "simama"



Nimepokea barua ya dada mmoja wa Tanga, mama wa watoto wanne, ambaye ameniomba nisitaje jina lake. Mumewe amerithi Peugeot 404 kutoka kwa marehemu baba yake. Gari hilo limekaa miaka mingi chini ya mwembe, limefunikwa turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Sasa bwana ameazimia kulifufua. Kila Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri na chai, yeye na kijana wao wa miaka 14 huvaa nguo chakavu na kuingia kazini hadi adhuhuri.

"Sina ugomvi na gari," anaandika dada huyu, "wala sitaki kumvunja moyo mume wangu, maana tangu aianze kazi hii mtoto amekuwa karibu na baba yake kuliko zamani. Lakini juzi nimemkuta mwanangu amelala chini ya gari, inaonekana miguu tu, na gari lenyewe limeegemea jeki moja na matofali. Niliposema neno nikaambiwa mambo ya magari hayawahusu wanawake. Je, ninyamaze?"

Jibu langu ni fupi, dada yangu: usinyamaze. Maelezo yake ndiyo marefu, na nimeyaandika kwa namna ambayo bwana naye anaweza kuyasoma bila kuona kwamba ameshtakiwa.

Naanza kwa kumtetea. Peugeot 404 si gari la kudharauliwa. Watu wa umri wangu hawajasahau kwamba mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 404. Kwa muda mrefu baada ya hapo gari hilo lilikuwa gari la waalimu wakuu, la wafanyabiashara, na la mabwana harusi. Na tofauti na magari ya leo, injini yake mtu anaweza kuielewa kwa macho: kabureta ile pale, distributa ile pale, plagi nne zimejipanga. Haihitaji kompyuta kuambiwa inaumwa nini. Baba anaweza kumfundisha mwanawe kitu kinachoshikika. Hilo ni jambo jema, na sitaki kulizima.

Ila kuna jambo ambalo wanaume wengi tunalisahau tunapoleta kazi ya gereji nyumbani. Gereji ina mafundi, na mgeni akiingia huambiwa asogee. Uani hakuna mgeni. Kuna mtoto anayejifunza kutembea, kuna bibi anayechagua mchele, kuna jiko la mkaa lenye maharage, kuna jirani aliyepita kuomba chumvi. Mwenye spana amekwisha kuikubali hatari ya kazi yake. Hawa wengine hawakuulizwa. Kwa hiyo anayesema mambo ya magari hayawahusu wanawake amekosea hesabu, kwa sababu hatari nyingi za gari la zamani huwafikia kwanza wale ambao hawakuligusa.

Nina sababu ya kulisema hili. Nilikuwa na miaka 12 wakati mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokuwa akifungua propela ya Land Rover yake nyuma ya nyumba. Gari lilikuwa juu ya matofali ya saruji, yale yenye matundu, mawili kila upande. Mjomba alikuwa chini, nami nimelala ubavuni mwake nikimshikia tochi. Akanituma ndani nikamletee spana kubwa zaidi. Niliiweka tochi chini ikimulika, nikatoka. Sijafika mlangoni nikasikia mlio mkavu, kama wa kuni inayopasuliwa. Tofali moja lilikuwa limegeuka changarawe. Kilichomwokoa mjomba ni gurudumu alilokuwa amelifungua na kulisukumia chini ya gari, tena si kwa tahadhari bali kwa kukosa pa kuliweka. Gari lilitua juu ya gurudumu hilo. Mkono wake ulibanwa na kuvunjika, na hakuweza tena kuunyoosha sawasawa maisha yake yote. Tochi tuliikuta imepondeka bapa.

Tofali la saruji hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa juu ya uso wake wote. Gari halifanyi hivyo. Hulikandamiza mahali padogo penye ncha ya chuma, na tofali halipindi wala halitoi dalili: huwa zima, kisha linakuwa vipande. Peugeot 404 ina uzito unaozidi tani moja. Matofali yasikaribie kabisa chini ya gari, hata kwa dakika tano, hata kama fundi wa mtaani hufanya hivyo kila siku na hajapatwa na jambo.

Jeki nayo ina kazi yake, nayo ni kuinua; kushikilia si kazi yake. Jeki ya mafuta husimama kwa mpira mdogo uliozuia mafuta yasivuje ndani yake, na mpira huo ukizeeka hushuka polepole au kwa mara moja. Jeki ya skrubu iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilisha gurudumu barabarani. Chini ya gari panahitaji stendi za chuma, zile za miguu mitatu au minne, ambazo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri. Zikikosekana kabisa, basi magogo ya mti mgumu yaliyokatwa bapa na kupangwa kwa kupishana, mapana chini kuliko juu. Na gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya bodi kila mara, kwa makusudi, si kwa bahati kama ya mjomba.

Kwa gari kama la bwana huyu kuna la ziada. Peugeot 404 haina chesisi ya pembeni kama Land Rover. Bodi yake ndiyo chesisi. Gari lililokaa miaka chini ya mwembe, tena mji wenye upepo wa chumvi, huliwa na kutu kutoka ndani, hasa chini ya milango, mahali pale pale ambapo jeki huingizwa. Rangi inaweza kuwa nzima na chuma kilicho nyuma yake kikawa kama mkate mkavu. Kabla ya kuinua, gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Panapotoa mlio mzito, au bisibisi ikizama, hapo si pa kuweka jeki. Chini ya jeki paweke ubao mnene, kwa kuwa ua zetu ni mchanga na mchanga hukimbia. Halafu zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa kabari za mti, mbele na nyuma. Usitegemee handibreki: katika gari hili hushika magurudumu ya nyuma tu, hivyo ukiinua nyuma umejinyang'anya breki mwenyewe. Mwisho, kabla mtu hajaingiza hata kichwa, shikeni bodi mlitikise kwa nguvu. Kama litaanguka, na lianguke wakati huo.

Petroli ndiyo inayofuata, na hapa naomba akina mama wasome kwa utulivu, kwa sababu moto mwingi wa aina hii hauanzii penye gari bali jikoni.

Petroli haingoji kupata joto ndipo itoe mvuke unaowaka. Hutoa mvuke huo hata penye baridi kali kuliko barafu, sembuse Tanga mwezi wa Februari. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Hushuka, ukatambaa ardhini, ukafuata mteremko wa ua hadi penye jiko, koroboi, au mtu anayewasha sigara. Ukikutana na moto hurudi nao ulikotoka. Mtu anasafisha kabureta kwa petroli ndani ya beseni, jiko liko mbali naye hatua kadhaa, naye anajiona salama. Umbali huo hautoshi. Siku ya kufungua kabureta au bomba la mafuta, jiko lisiwashwe uani kabisa. Wapikaji waambiwe tangu usiku, na chakula cha siku hiyo kiwe kimekwisha kupikwa au kipikwe kwa jirani. Nani anapanga hilo kama si mama wa nyumba? Hapo tayari mambo ya gari yamekuwa yake.

Kuosha vyuma vyenye grisi hakuhitaji petroli hata kidogo. Mafuta ya taa yanatosha, na ingawa nayo yanawaka, hayatoi mvuke wa hatari kwa urahisi kama petroli. Pawe na ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na mahali pa kazi, na mtungi wa unga wa kuzimia moto kwa mwenye uwezo. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa petroli huelea juu yake na moto ukasafiri nayo. Nguo za mtu zikishika moto alazwe chini mara moja, afunikwe blanketi zito au avingirishwe. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, majivu, yai, vyote hivyo viachwe. Namba ya Zimamoto ni 114, iandikwe ukutani kwa mkaa kama hakuna kalamu.

Lipo kosa moja la petroli ambalo huua mafundi wazoefu. Tangi la gari lililokaa huwa limetoboka kwa kutu, na wazo la kwanza la kila mtu ni kuliita fundi wa kuchomelea. "Halina kitu, limekauka." Tangi kavu ndilo la kuogopwa zaidi. Likiwa limejaa, ndani hamna hewa ya kutosha kulipua. Likiwa tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa kwa kipimo kinachofaa kulipuka, na mabaki yaliyojificha ndani ya kutu huendelea kutoa mvuke hata baada ya kuoshwa kwa sabuni. Tangi lisichomelewe nyumbani. Litafutwe jingine, au lipelekwe kwa mtu ambaye kazi yake ni matangi na ana vifaa vyake.

Na tuache kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira. Wengi wamefanya, nami ni mmoja wao, na kila mmoja amewahi kumeza funda moja akatema na kucheka. Hatari yake haiko tumboni bali mapafuni: petroli na mafuta ya taa ni vyepesi mno, huteleza njia isiyo yake, na matone machache tu ndani ya mapafu huleta homa ya mapafu mbaya. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyemeza asitapishwe. Wale wanaokimbilia kumnywesha mtoto maziwa mengi ili atapike humwongezea balaa, kwa kuwa kinachorudi juu hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi, na chupa aliyonywea ichukuliwe ikaonyeshwe.

Nimesema chupa kwa kusudi. Mtu mzima akiwa kazini hutia vitu vyake kwenye chombo kilicho karibu, nacho ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Petroli kidogo humu, mafuta ya breki mle, maji makali ya betri kwenye ile nyingine. Mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa ya soda kuliko anavyolijua jina la babu yake. Rangi ya mafuta ya breki yaliyochakaa inafanana na chai. Dawa inayotiwa kwenye maji ya rejeta ina utamu, na kiasi kidogo chake kinaweza kuharibu figo za mtoto. Kila kitu kikae ndani ya kopo lake la dukani, au galoni lisilowahi kuwa la kinywaji, juu ya rafu iliyozidi kimo cha mtoto aliyepanda kiti.

Sasa kuna adui asiye na harufu wala mlio. Breki za magari ya enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na gari lililolala muda mrefu huenda bado lina shu zile zile. Mtu akifungua drami hukuta vumbi la kijivu, na desturi yetu ni kulipuliza kwa mdomo au kuligongesha chini. Nyuzi za asbesto ni ndogo kiasi cha kutoonekana, huingia mapafuni na hazitoki. Saratani inayosababishwa nazo huweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kujitokeza, kwa hiyo baba wa leo ataumwa uzeeni, na mwanawe atakuwa na miaka yake 40 hivi.

Nisikilizeni hapa, enyi mabwana. Imethibitika katika nchi zilizokuwa na viwanda vya asbesto kwamba wake wa wafanyakazi waliugua saratani hiyo hiyo ilhali hawakukanyaga kiwandani. Walizikung'uta na kuzifua nguo za waume zao. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa kazi ya mume kumdhuru mke. Basi kila breki ya zamani ihesabiwe kuwa ina asbesto. Drami ikifunguliwa, vumbi lilowanishwe kwa maji ya sabuni kabla ya kuguswa, lifutwe kwa tambara bichi, tambara na shu za zamani zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Pasipulizwe wala pasifagiliwe pakavu. Watoto wawe ndani, na wa miaka 14 nao ni watoto. Nguo za kazi zilowekwe na aliyezivaa, peke yake, zisichanganywe na kanga na sare za shule. Shu mpya mnazonunua ziwe zisizo na asbesto.

Rangi ya zamani inataka uangalifu wa namna hiyo hiyo. Nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi la msasa likianguka mchangani, mtoto anayechezea hapo hulila kwa vidole. Msasa uwe wa maji, na chini patandikwe turubai. Masizi yaliyomo ndani ya bomba la moshi na juu ya silinda nayo yasiguswe kwa mikono mitupu: petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na gari hili lilianza kuinywa zamani kabla ya hapo.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, basi isichajiwe chumbani wala karibu na moto, na kabla ya kazi yoyote ya umeme fungua kwanza waya uliofungwa kwenye bodi. Kwa 404 ni waya wa hasi, lakini mwenye Morris Minor achunguze, maana kwa kawaida chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi yake. Pete ivuliwe kidoleni. Maji makali yakiruka machoni, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kungoja kutafuta dawa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Feni ya 404 ina tabia ambayo vijana hawaijui. Ina klachi ya sumaku: injini huweza kunguruma huku feni imetulia, kisha maji yakipata moto feni hushika yenyewe ghafla. Kuona feni imesimama si ruhusa ya kupitisha mkono. Kikoi, mikono mipana ya kanzu, na mtandio wa binti aliyeleta chai, vyote vibaki mbali.

Na springi za mbele waachieni gereji. Zimekandamizwa kwa nguvu inayotosha kubeba gari zima, na nimeona watu wakizifunga kwa waya na kamba ili wazifungue. Hii ndiyo kazi pekee ambayo namwomba bwana asiijaribu kabisa nyumbani, hata akikopeshwa vifaa.

Kwa kijana wa miaka 14, ushauri wangu kwa baba ni kwamba asiingie chini ya gari mwaka huu. Anayo ya kujifunza juu tele: plagi, kabureta, distributa, kusafisha, kuandika kila kipuri kilichotoka na mahali kinaporudi. Na pawe na kanuni moja ya nyumba nzima: yeyote akisema "simama", awe mama, bibi au mtoto wa darasa la pili, spana huwekwa chini kwanza na sababu huulizwa baadaye. Mara tisa itakuwa hofu ya bure. Pia asifanye kazi chini ya gari mtu aliye peke yake nyumbani. Pawe na wa kusikia.

Dada yangu, kama una akiba kidogo kibindoni, nunua jozi ya stendi umpe bwana kabla ya Jumamosi. Nadhani zitapokelewa vizuri kuliko maneno yangu yote haya. Na kijana, kazi yake ya kwanza siku hiyo iwe kukagua kila chupa ya soda iliyomo bandani.